Kwa nini pale hakai mtu? Swali la kisiwa lenye funzo la afya kwa mtoto

Muulize mtoto wa darasa la nne kisiwa ni nini, atajibu bila kufikiri: ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Jibu ni sahihi na mwalimu ataweka alama ya vema. Lakini akiulizwa kwa nini visiwa vingine vimejaa watu hadi mabati ya nyumba yanagusana, na vingine havina hata kibanda kimoja, wengi hukwama. Mara nyingi na mzazi naye hukwama.

Swali hilo la pili ndilo lenye faida zaidi nyumbani. Majibu yake yanagusa mambo yaleyale ambayo wauguzi husisitiza kila siku kliniki ya mama na mtoto: maji ya kunywa, chakula na choo. Mtoto akielewa kwa nini mwamba fulani haukaliki, ataelewa pia kwa nini mama yake anabeba dumu kutoka mbali, na kwa nini maji mengine yanayong'aa hayafai kunywewa.

Kwa familia za Shelui, wilayani Iramba mkoani Singida, somo hilo halihitaji bahari. Linahitaji kutazama mawe.

Kilima cha mawe, ndugu wa kisiwa

Shelui ipo chini ya Mlima Sekenke, kando ya barabara kuu inayotoka Singida kwenda Igunga na Nzega. Upande mmoja nchi inapanda kuelekea nyanda za juu za Iramba. Upande mwingine inashuka na kulala tambarare katika mbuga ya Wembere, ambayo msimu wa mvua hutuama maji na kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Huku na huko katika mkoa huu yamesimama majabali ya graniti, yaani itale, mengine yamepangana utadhani yaliwekwa kwa mkono.

Hakuna aliyeyapanga. Graniti ilipoa na kuwa ngumu chini kabisa ya ardhi, na umri wa miamba ya sehemu hii ya Tanzania unakadiriwa kuwa takriban miaka bilioni 2.5 na zaidi. Ilipokuwa bado imefunikwa, maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa zake na kulainisha kingo taratibu, hadi jiwe lililo karibu na ufa likageuka udongo. Baadaye mvua na mito zikaondoa udongo huo. Kilichobaki ni viini vigumu vya mviringo, kimoja juu ya kingine. Joto la mchana na baridi ya usiku huendelea kuyabambua majabali hayo tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

Hapo mzazi anaweza kumwambia mtoto afumbe macho, kisha aone mbuga yote imejaa maji na vilele vya mawe peke yake ndivyo vimebaki juu. Tayari ameona kisiwa. Kisiwa cha mwamba ni kilima ambacho miguu yake imezama.

Picha hiyo si ya kubuni tu. Watafiti waliochimba bonde la Manonga, jirani na Wembere, walikuta mabaki ya viboko, mamba na samaki katika tabaka za udongo zilizolala chini ya ziwa la kale mamilioni ya miaka iliyopita. Palipo na malisho ya ng'ombe leo, zamani palikuwa na maji.

Saanane: kilima kilichozama Mwanza

Kisiwa halisi cha namna hiyo hakiko mbali sana. Basi linalopita Shelui kwenda Mwanza hupitia Igunga, Nzega na Shinyanga, na mwisho wa safari abiria huona mawe yaleyale ya Singida, sasa yakitoka ndani ya Ziwa Victoria. Maarufu zaidi kwa wapiga picha ni jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Mbele yake kidogo kipo Kisiwa cha Saanane.

Kisiwa hiki kina jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa na makazi hapo kabla ya serikali kukichukua. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini: ukijumlisha na maji yanayokizunguka, eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu. Hakuna kaya inayoishi hapo. Wenyeji wake ni pimbi, mijusi kafiri, kenge, tumbili, swala na ndege wengi wa majini.

Zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikauka. Ni ziwa pana, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini halina kina kirefu. Mahali penye kina kikubwa ni kama mita 80. Ukame wa muda mrefu uliligeuza kuwa mbuga. Wakati huo Saanane kilikuwa kilima cha mawe katikati ya nyasi, na mtu angeweza kukifikia kwa miguu, kama mtoto wa Shelui anavyofikia jabali lililo nyuma ya shule. Mvua zilipoongezeka, maji yakapanda na kilima kikawa kisiwa.

Maswali matatu ya kuuliza mahali popote

Mtoto akishaelewa kilima na kisiwa ni ndugu, anaweza kufundishwa kuuliza maswali matatu kila anapoona mahali pasipokaliwa, iwe kwenye ramani, kwenye televisheni au njiani. Maji ya kunywa yanatoka wapi? Chakula kinaota wapi? Choo kinachimbwa wapi?

Kwa mfano, Fungu Kizimkazi katika Bahari ya Hindi, kusini-mashariki ya Unguja. Hiki si cha graniti bali ni mwamba wa matumbawe, kisiwa kidogo mno chenye urefu wa mamia machache tu ya mita, kilichoinuka mita chache juu ya bahari. Hakina mto wala chemchemi. Bahari imekizunguka, lakini maji yake hayanyweki: mwili unaokunywa maji ya chumvi hulazimika kutumia maji mengi zaidi kuitoa chumvi hiyo kupitia figo, na mtu huishia na kiu kali kuliko ya mwanzo. Kwa swali la kwanza tu, Fungu Kizimkazi kimeshindwa. Ndiyo maana kimebaki cha ndege wa baharini wanaotaga kwa wingi, na kasa wanaopanda kutaga mchangani.

Mbali zaidi, katika Bahari ya Mediterania, kipo Filfla, kisiwa kidogo cha mawe ya chokaa kilomita kama tano kutoka pwani ya Malta. Kinasimama takriban mita 60 juu ya bahari, kingo zake zikiwa wima kama ukuta. Hakina watu. Juu ya ugumu wa jiwe, wanadamu nao waliongeza wao: majeshi ya Uingereza yalikitumia kama shabaha ya mazoezi ya mizinga na mabomu hadi mwaka 1971. Sasa ni hifadhi ya ndege na mijusi, na hairuhusiwi kupanda hapo bila kibali. Mtoto hujifunza hapo kwamba mahali panaweza kukosa watu kwa sababu ya maumbile, na panaweza pia kufungwa kwa sababu ya hatari iliyoachwa na watu.

Upo mfano wa kinyume. Migingo, katika Ziwa Victoria, ambacho Kenya na Uganda zimekigombania kwa miaka mingi, ni mwamba mtupu unaokaribia nusu ya uwanja wa mpira. Jirani yake kipo kisiwa kikubwa zaidi ambacho karibu hakina watu. Hata hivyo Migingo kimefunikwa na nyumba za mabati kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu moja: kuna sangara wengi karibu yake. Watu huvumilia kukosa shamba kwa kuwa samaki huuzwa na unga hununuliwa.

Lakini swali la tatu halivumiliki kirahisi. Penye mwamba mtupu shimo la choo halichimbiki. Kinyesi hakina pa kwenda ila ziwani, na ziwa hilohilo ndilo kisima. Kijiografia Migingo ni kisiwa chenye watu; kwa jicho la afya ni onyo.

Jiwe hilohilo, kisima cha nyumbani

Mtoto wa Shelui akimaliza kutazama visiwa, anaweza kugeuka na kuuliza maswali hayo matatu kuhusu kwao. "Baba, mbona pale juu ya mawe hakuna nyumba?" Jibu liko miguuni pa jabali. Mvua ya mkoa wa Singida, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka na hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, ikianguka juu ya graniti haizami. Huteleza na kukusanyika chini, pale penye udongo. Ndiyo maana visima vingi vya kienyeji na mashamba mazuri huwa chini ya jabali.

Hapa ndipo somo la jiografia linapoingia kinywani mwa mtoto. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya nyufa za miamba huyeyusha kidogokidogo madini yaliyomo, mojawapo likiwa floraidi. Kiasi kidogo cha madini hayo hulinda meno. Kikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo baadhi ya vyanzo vyake hupita kiwango hicho, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga.

Anayeumia zaidi ni mtoto ambaye meno yake ya utu uzima bado yanajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kufikia umri wa miaka minane hivi. Meno hayo yakishaota, hutokea na madoa meupe, kisha rangi ya kahawia, na yakiathirika sana hupata vishimo. Mtoto mwingine huanza kuziba mdomo anapocheka. Floraidi ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Wazazi wengi hudhani madoa hayo ni uchafu, hivyo humsugua mtoto kwa mkaa au mchanga. Hayatoki, kwa kuwa yamo ndani ya jino lenyewe. Kusugua hivyo kunakwangua jino na kuumiza ufizi.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kuchemsha kunatatua kila kitu. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, na familia haipaswi kuacha. Lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki palepale katika maji machache zaidi. Magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi, hivyo si vizuri kuyatia kila siku katika chakula cha mtoto mdogo.

Macho na ulimi havitambui floraidi. Maji yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu, na bado yakawa na kiwango kikubwa. Njia ya uhakika ni kupima. Wakazi wanaweza kuuliza kupitia kamati ya maji ya kijiji au ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, kama kisima chao kimepimwa na kimekutwa na kiwango gani. Hilo ni swali la haki kabisa kwa mzazi, na linafaa kuulizwa kwenye mkutano wa kijiji.

Wakati majibu yanasubiriwa, maji ya mvua ndiyo msaada wa karibu, kwa kuwa hayajapita kwenye mwamba. Familia yenye bati na gata inaweza kukinga, ikaacha mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza, kisha ikahifadhi katika tangi au ndoo zenye mfuniko. Kama hayatoshi nyumba nzima, yatengwe kwa ajili ya kunywa na kwa uji wa watoto wadogo. Maji ya kisima yabaki ya kufulia, kuoga na kunywesha mifugo.

Choo juu ya mwamba

Swali la tatu la kisiwa linazihusu pia kaya zilizojenga karibu na majabali. Ukichimba mita moja na jembe likagonga jiwe, kishawishi ni kuacha shimo fupi, au watoto kuzoea kujisaidia nyuma ya mawe. Mvua moja inatosha kuteremsha uchafu wote hadi kisimani.

Kwenye udongo, maji machafu huchujwa kidogo yanaposhuka. Kwenye ufa wa jiwe hakuna chujio. Maji hupita kama kwenye bomba. Wataalamu hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Penye miamba iliyopasuka, umbali zaidi ni bora.

Palipo pagumu kuchimba, choo kinaweza kuinuliwa: kuta za shimo hujengwa kwa matofali kuanzia pale chini palipochimbika hadi juu ya usawa wa ardhi, na ngazi chache za kupandia. Afisa afya wa kata anaweza kuelekeza vipimo. Gharama yake huumiza mfuko mara moja, lakini kuhara hurudi kila msimu. Mtoto akianza kuhara, apewe maji yaliyochanganywa na ORS mara kwa mara, mdogo aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya ili apate zinki na uchunguzi, hasa akiwa analegea, macho yameingia ndani au kinyesi kina damu.

Kabla ya kupanda jabali au kuvuka ziwa

Somo zuri la jiografia ni la miguu, na hakuna sababu ya kuwanyima watoto. Yapo ya kuzingatia.

Jabali lipandwe asubuhi, kabla jiwe halijashika moto. Kila mtoto awe na maji yake ya kunywa na viatu vilivyofungwa. Vidimbwi vinavyobaki juu ya mwamba baada ya mvua si vya kunywa: pimbi, ndege na mifugo hunywa na kuchafua humohumo, na mbu nao hutaga. Mkono usiingizwe kwenye ufa wala chini ya jiwe, kwa kuwa nyoka na nge hukimbilia kivuli hapo. Wingu likianza kujikusanya, kila mtu ashuke. Kilele kitupu si mahali pa kungojea radi.

Ikitokea mtoto ameumwa na nyoka, atulizwe, asitembee, kiungo kilichoumwa kisisogezwe, na awahishwe kituo cha afya. Kuchanja, kunyonya sumu au kufunga kamba ya kukaza huongeza madhara.

Familia ikipata nafasi ya kwenda Mwanza na kuvuka hadi Saanane, safari ya boti ni ya dakika chache tu, lakini jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kuondoka gatini, lenye saizi ya mtoto na si la baba lililokunjwa. Nchi hii haijasahau MV Bukoba mwezi Mei 1996 wala MV Nyerere mwezi Septemba 2018. Aidha, watoto wasiachwe wachezee maji kwenye kingo zenye majani. Konokono wa humo hubeba kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya kwenye ngozi bila mtoto kusikia maumivu. Aliyeingia majini, kisha baada ya wiki au miezi akalalamika tumbo, au akatoa damu kwenye kinyesi au mkojo, apimwe. Dawa ipo.

Kazi ya nyumbani ya Jumamosi

Mzazi asiye na kitabu wala intaneti anaweza kufanya somo hili kwa beseni, jiwe na udongo. Jiwe liwekwe katikati ya beseni, udongo uzungushwe chini yake, kisha maji yamiminwe juu taratibu. Mtoto ataona maji yanavyoteleza kwenye jiwe na kuzama kwenye udongo. Yaongezwe hadi udongo ufunikwe: kilima kimekuwa kisiwa. Sasa adondoshewe tone la wino au majivu upande wa juu, aone yanakoishia.

Kisha aulizwe yale matatu, si kuhusu beseni bali kuhusu nyumba yao. Maji yetu ya kunywa yanatoka wapi? Chakula chetu kinaota wapi? Choo chetu kiko wapi, na kisima kiko wapi? Kama mtoto ataonyesha kwa kidole kwamba kisima kiko upande wa chini wa choo, mzazi asimnyamazishe. Amelisoma eneo lake vizuri, na kazi iliyobaki ni ya wakubwa.